Sifuri Iliyoandikwa kwa Penseli

Mahat Volti hakuwahi kumpa mtu mikono miwili. Ukimwendea kibandani kwake, nyuma ya soko la Garissa, alikusalimia kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ukabaki mfukoni umetulia. Wageni walimwona mjivuni. Wenyeji walijua kwamba mkono ule ulihamia mfukoni mwaka wa 1968, siku aliposhika redio ya valvu kwa mikono yote miwili, stima ikaingia huku ikatokea kule, ikampitia kifuani na kumbwaga ukutani. Tangu siku hiyo kidole gumba chake cha kushoto hakikujua moto wala baridi. "Unapopima, mkono mmoja mfukoni," aliwaambia waliotaka kujifunza kazi. "Stima ikikuuma, ikuume mkono. Isipate njia ya moyo." Wengi walicheka, wakajaribu wiki moja, wakaenda kuuza mirungi.

Ujana wake aliumalizia katika karakana ya idara moja ya serikali, akitengeneza redio kubwa za valvu zilizofungwa kwenye malori. Redio zile zilipozeeka naye akaambiwa amezeeka, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Alirudi Garissa na vitu viwili: mita ya mshale, ile ya kioo chenye ufa, na sanduku la valvu kuukuu, zile taa za kioo za redio za zamani, alizozifunga moja moja ndani ya soksi za sufu. Mkewe, Mungu amrehemu, alimwuliza soksi za baridi ni za nini katika mji kama huu. Akasema ni za watoto wake. Hawakujaliwa watoto wengine.

Kazi yake ikawa redio ndogo za wafugaji, zile zinazoshikwa sikioni jioni kusikiliza habari za Kisomali kutoka London. Mtu akitoka Modogashe au Bura na redio iliyonyamaza, anaiacha kwa Mahat, anauza mbuzi zake, anarudi kuichukua. Mahat hakukumbuka nyuso sana. Alikumbuka redio. Ukimtajia jina la mtu alifumba macho kidogo, akakwambia: huyo ni wa redio ya kijani yenye kamba ya kiatu, anakaa Bulla Iftin, mkewe ana homa ya tumbo. Hakukosea, na alijua kwamba hakosei, na hapo ndipo penye kisa hiki.

Ukuta wa kushoto wa kibanda chake ulikuwa pia ukuta wa taar. Taar ni ile redio ya kuongelea mbali, ya nyaya na betri za gari. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka, watu walitawanyika wasijuane nani yu hai. Barua hazikufika. Taar ndiyo iliyotafuta watu. Unaingia, unasema wewe ni nani, baba yako ni nani, babu yako ni nani, mpaka ukoo mzima umekwisha, kisha kijana wa taar anaita Wajir, anaita Mandera, anaita Rhamu, na huko mtu anatumwa sokoni kuuliza. Hapa Garissa kijana huyo aliitwa Abdiqani, na hakutuma mtu sokoni. Alitoa kichwa mlangoni akauliza benchi la wazee wa chai. Na benchi la wazee wa chai lilimwuliza Mahat.

Ndivyo ilivyokuwa siku moja mwishoni mwa mwaka wa tisini na tano. Abdiqani alitoa kichwa. "Kuna mtu yuko Rhamu anamtafuta dada yake. Ramlo Alio. Alivukia Liboi mwaka wa tisini na moja. Yupo hapa?"

Benchi likamgeukia Mahat. Mahat alifumba macho, akapitia redio zote za mji kichwani mwake.

"Hayupo," akasema, na akarudi kwenye risasi yake ya kulehemu.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, Jumatatu, punda alisimama mbele ya kibanda akivuta mkokoteni. Juu yake palikuwa na sanduku jeusi lenye ukubwa wa kasha la nguo, kitambaa chake cha mbele kimechanika. Mwanamke aliyeongozana na mkokoteni alikuwa Fosia Hared, bintiye Mama Fatumo muuza maziwa ya ngamia. Walikaa ua wa nyuma, chini ya waya ule mrefu wa taar uliopita juu ya mapaa. Watu wa Bura hao. Walihamia mjini miaka mitano nyuma. Mahat aliwajua vizuri: redio nyekundu, kifuniko cha betri kimefungwa kwa utepe.

"Adeer Mahat," Fosia alisema baada ya salamu, akimwita ami kwa Kisomali, "kitu hiki kinaongea."

Mahat aliinua kitambaa akachungulia. Amplifaya ya gita, ya valvu! Hakuwa ameiona kama ile kwa miaka ishirini. Moyo wake uliruka kama wa mtu aliyekutana na mwenzake wa shule. "Amplifaya isipoongea ndipo huletwa kwangu," alisema.

"Haina gita. Haina maiki. Mwalimu mmoja aliniomba niiazime shule, nikaiwasha nione kama ni nzima. Nimechomeka stima tu, basi. Siku nyingi hunung'unika, kama mtu aliye ndani ya tangi la maji. Lakini Alhamisi, saa nne asubuhi, huniita."

"Fosia?"

"Hapana." Aliangalia nyuma, kisha mbele. "Huniita kwa jina ambalo hakuna mtu hapa analijua."

"Jina gani?"

"Siwezi kulitamka, adeer."

Mahat akamwuliza sanduku ni la nani. Akasema ni la kaka yake Yakub, aliyekuwa akipiga gita Mogadishu. Siku ya kukimbia Yakub alimwambia, tangulia na sanduku, mimi nakuja na gita. Hakuja. Mahat alijua fika kwamba Mama Fatumo alizaa mtoto mmoja tu, naye ni wa kike. Lakini Garissa ya miaka ile mtu hakuulizwa mara mbili alikotoka.

"Nataka unipimie," Fosia alisema, na sasa sauti ilianza kumvunjika. "Kama aliyemo ndani ni maiti, niambie nimsomee Yasin nimlilie. Kama si maiti, niambie ni nini. Miaka mitano sijamlilia na sijamngoja. Nimekaa mlangoni, adeer. Sijui niingie au nitoke."

"Mita yangu haipimi maiti," Mahat alimwambia, akijaribu kumchekesha. Fosia hakucheka.

Jumatatu hiyo hiyo aliifungua. Karatasi ya spika ilikuwa imechanika, akaitoa, akaipaka gundi na kuiweka kivulini ikauke, na mahali pake akafunga rezista nene, kizuizi cha stima, ili mashine isifanye kazi tupu. Kisha akaigeuza chasisi, lile bati linalobeba valvu, tumbo juu. Hapo ndipo alipoziona namba.

Ziliandikwa kwa penseli kwenye bati, pembeni ya kila soketi, kwa mwandiko mdogo wa mtu mwenye subira. Yakub huyo alikuwa mtu wa kazi. Alipima volti za kila valvu akaziandika palepale, ili siku mashine ikiugua ajue ilivyokuwa ilipokuwa nzima. Mahat alimpenda papo hapo. Akachukua daftari, akanakili namba za Yakub upande wa kushoto, akaweka mkono mfukoni, akaanza kupima na kuandika zake upande wa kulia.

Za kwanza zilikubaliana. Kwenye njia kuu ya stima, pale Yakub alipoandika mia tatu na kumi, Mahat alipata mia mbili tisini na kitu, kwa sababu stima ya Garissa ilitoka kwenye mashine za dizeli, na mji ukipika chai volti hushuka. Valvu ya pili, sawa. Valvu ya tatu, ile ndogo iliyovaa kofia ya bati, hapo mambo yakaharibika.

Valvu iliyo hai hunywa. Ikinywa, volti za juu yake hushuka na za chini hupanda kidogo, moja au moja na nusu. Mahat alipata hivyo hasa: juu mia moja themanini, chini moja na nusu. Valvu nzima. Lakini Yakub alikuwa ameandika juu mia tatu na kumi, zimejaa hazijaguswa, na chini ameandika sifuri. Na chini ya sifuri amepiga mistari miwili, kwa nguvu hata penseli ikakwaruza bati.

Hizo zilikuwa namba za valvu iliyokufa, au za soketi isiyo na valvu kabisa. Mahat aliichomoa valvu, akaitazama, akairudisha na kuivika kofia yake. Iliwaka vizuri. Sasa ni nani mwenye akili timamu anayepima volti za kitu kisichokuwepo, akaziandika kwa makini, akapiga mstari, akarudia mstari wa pili?

Jumanne adhuhuri, soko limefunga kwa joto na hata mbwa wamelala, alichomoa stima. Akazimaliza stima kapasita kubwa, zile kopo zinazoiweka akiba, kwa waya na rezista, taratibu, mpaka mshale ukalala kwenye sifuri. Akaenda kuswali. Aliporudi, mashine imekaa vilevile, waya wa stima umelala sakafuni, na mshale umesimama kwenye arobaini.

Alijua sababu. Kapasita ya zamani ina kumbukumbu. Ukiimwaga, kilichobaki kwenye ngozi yake hurudi polepole. Alikuwa ameeleza watu jambo hilo mara mia. Lakini siku ile, katika ukimya ule, akiutazama mshale ukipanda wenyewe kutoka arobaini kwenda arobaini na mbili, nywele za mikononi zilimsimama. Alisema bismillahi kwa sauti, akaona aibu, akatazama kama kuna mtu amemsikia. Hapakuwa na mtu.

Kisha ukaja mtetemeko. Jumanne saa kumi alasiri alikuwa anapima valvu ya kwanza, ile inayopokea gita, na hakuna gita. Mshale ulitulia kwenye moja na nusu. Ghafla ukaanza kucheza. Ukaruka, ukasita, ukaruka mara mbili, ukasita. Haukucheza kama waya uliolegea, maana waya uliolegea hauna adabu. Huu ulikuwa na vituo. Ukatulia, kana kwamba unasubiri kujibiwa. Ukaanza tena.

Mahat akabadilisha waya za mita. Akabadilisha betri yake. Akahamisha meza. Jumatano asubuhi ulicheza mara tatu, na kila mara akaandika saa. Jioni alikaa anatazama daftari lake: kulia namba zinazohemahema, kushoto namba za kijana ambaye huenda mifupa yake iko kando ya barabara, na sifuri yake yenye mistari miwili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, na hakuwahi kuamini kwamba kitu kisichopimika kipo. Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Aliogopa Alhamisi, na alijichukia kwa kuiogopa.

Alhamisi saa tatu na nusu Fosia alikuja, na Mama Fatumo nyuma yake, ameshika dabqaad, chetezo chenye makaa na uvumba wa uunsi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kwa kawaida angemtania Mahat kwamba valvu zake zimevaa soksi na yeye mwenyewe anatembea miguu mitupu. Leo hakutania. Alikaa kwenye kigoda, akaweka dabqaad miguuni, moshi ukajaa kibandani.

"Mama Fatumo, utanikohoza."

"Ukikohoa tutajua wewe si jini," alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwa binti.

Gundi ilikuwa imekauka. Mahat alirudisha spika, akawasha, akangoja valvu zipate joto. Taa zile ndogo za rangi ya chungwa ziliwaka moja baada ya nyingine. Akaweka mkono mfukoni, akagusisha mita kwenye valvu ya kwanza. Moja na nusu. Nje, muuza maji alipita akiita. Saa nne ilipita kwa dakika mbili, tatu.

Mshale ukaruka.

Spika ikakohoa. Kisha sauti ikatoka, nzito, imefungwa, sauti ya mtu anayesemea kwenye mto. Haikuwa na mwanzo. Fosia alishika ukingo wa meza. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na sauti, kama anayejua kinachofuata. Na kinachofuata kikaja, kimepinda lakini kizima, hata Mahat alikisikia:

"...Ramlo Alio... hayupo... Ramlo Alio, hayupo..."

Mahat aliusogeza uso karibu na spika. Jina lile alilijua. Alikuwa amelisikia wapi? Na hapo hapo sikio lake la kushoto, lililozoea miaka yote kutosikia kelele za upande wa pili, likasikia. Ukutani. Abdiqani, anapiga kelele kama kawaida yake: "Rhamu, Rhamu, nimeshakwambia! Ovaa!" Na mshale ukaruka kwa kila neno, na spika ikalitamka neno lilelile kwa sauti ya kaburini.

Mahat aliweka sikio ukutani, jicho kwenye mshale. Sauti moja, midomo miwili. Ule waya mrefu wa taar ulipita juu ya ua wa Mama Fatumo na juu ya kibanda hiki. Nguvu zake ziliingia kwenye valvu ya kwanza isiyo na gita, na valvu, ambayo haijui kuchagua, ikazipokea.

Alicheka. Alicheka mpaka machozi, kwa jinsi alivyofarijika. "Taar! Ni taar, binti yangu! Hakuna maiti humu. Ni huyu punda Abdiqani anayepiga kelele, na amplifaya inamsikia!"

Akageuka. Fosia hakuwa anacheka.

"Adeer," alisema polepole, "nani hayupo?"

"Aa, mwanamke mmoja. Kuna mtu wa Rhamu, kila Alhamisi akija sokoni hupita kwenye taar kumwulizia dada yake. Wameulizia Garissa yote. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema..."

Hakumaliza. Aligeuza macho kwa Fosia.

"Nyamaza, Fosia," Mama Fatumo alisema, ingawa Fosia hakuwa amesema kitu. "Twende nyumbani. Fundi ameshatwambia ni taar. Twende."

"Hooyo, mama, anasema sipo."

"Benchi lote litakusikia! Unataka askari waje na lori wakupeleke kambini kwa wakimbizi? Unataka waniulize kipande hiki nilimpa nani?" Alijipiga kifuani, pale alipofunga kitambulisho kwenye fundo la shuka. Na kwa maneno hayo Mahat akafahamu, na yaliyobaki Mama Fatumo akayamaliza kwa kunong'ona. Fosia Hared wa kweli alizikwa Bura miaka mitano nyuma, homa ya siku tatu. Mama yake aliyebaki na kitambulisho na mikono mitupu alikutana barabarani na msichana wa Mogadishu aliyekaa juu ya sanduku jeusi, hana jina la kuonyesha askari. Akampa la marehemu. Wakakubaliana la zamani lisitamkwe tena, hata wakiwa wawili ndani ya nyumba.

Kwa hiyo Mahat hakuwa amesema uongo. Alipitia redio zote za mji, na Ramlo Alio hakuwemo. Alikuwa mwenye redio nyekundu, umbali wa ukuta mmoja.

"Mimi nilisema hupo," alimwambia, na aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. "Mimi. Njoo nikaliondoe neno hilo pale nilipoliweka."

Ramlo alimtazama Mama Fatumo. Yule mama alikuwa amegeuzia uso ukuta. Basi wakatoka, Mahat mbele na daftari lake, na mashine ikabaki inawaka.

Benchi la wazee liliwatazama wakipita. Abdiqani alikuwa tayari amevua vipokea sauti. "Rhamu anafunga," alisema. Mahat alimwambia amrudishe, na Abdiqani hakuwahi kumsikia Mahat akiongea vile. Akamrudisha. Kelele za upepo zikajaa chumbani, kisha sauti ya mwanamume, mbali, imechoka.

Ramlo alishika maiki. Alisema yeye ni Ramlo. Akahesabu: Ramlo Alio, Alio Bare, Bare Jelle, mpaka mababu saba, kwa sauti iliyozidi kunyooka kila jina. Nje, wazee wa benchi waliweka vikombe chini.

Upepo ulivuma muda mrefu.

"Dada," sauti ya Rhamu ilisema, "ukoo wangu nimeusoma kwenye taar kila wiki kwa miezi minne. Kila mwenye masikio ameuhifadhi. Mwezi uliopita kule Mandera mwanamke mwingine alisema ni Ramlo. Nilisafiri siku mbili. Hakuwa Ramlo. Jumatatu nimemchinjia dada yangu mbuzi, tumemsomea, yameisha. Leo nimekuja tu kuwaambia msimtafute tena. Niacheni. Ovaa."

Ramlo aliivuta maiki karibu na mdomo. Angesema nini? Kila analolijua dada, jirani naye analijua. Alianza kulia, na kilio hakithibitishi lolote. Kila mtu kwenye taar hulia.

Mahat aliichukua ile maiki. Aliishika kwa mikono miwili, na Abdiqani baadaye aliapa kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuuona mkono wa kushoto wa mzee yule.

"Mimi ni fundi," alisema. "Sijui kuongea na watu sana. Nina sanduku lako. Nakusomea ulichoandika kwenye bati. Valvu ya kwanza: juu mia moja sabini na tano, chini moja na nusu. Ya pili: juu mia moja tisini, chini moja na sita. Ya tatu." Akafunua ukurasa. "Ya tatu: juu mia tatu na kumi. Chini sifuri. Chini ya sifuri umepiga mistari miwili. Kijana, nimekaa siku nne na sifuri hiyo. Hakuna valvu iliyo hai yenye namba hizo. Ulipima nini? Ovaa."

Upepo. Upepo tu. Abdiqani aligusa kitufe cha masafa, Mahat akampiga kofi mkononi.

Sauti iliporudi ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Haikuwepo," Yakub alisema. "Nilikuwa na arusi ya kupiga jioni ile, na mashine imekufa. Nilipima tangu adhuhuri mpaka magharibi. Volti zote nzuri, pale tu sifuri. Niliandika, nikapiga mistari kwa hasira. Sikufikiri kuinua ile kofia ya bati. Arusi ikanipita. Usiku nikaiinua, ndani hamna kitu. Muulize... kama kweli ni yeye, muulize valvu ilikuwa wapi."

Ramlo alikuwa ameshaishika maiki kabla hajamaliza. "Kwenye debe la sukari!" alipiga kelele, anacheka na kulia. "Nilikuwa na homa, na wewe unataka kuniacha peke yangu! Nikaificha kwenye debe la sukari! Mimi ni Ramlo, Yakub! Mimi si Fosia, mimi ni Ramlo, mimi nipo, nipo, nipo!"

Wazee wa benchi walikuwa wamesimama. Mmoja wao, mtu mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitokwa na chozi, alijifuta kwa kofia. Hakuna aliyeenda kuita lori, siku ile wala baadaye.

Mahat aliwaacha wakiongea, akarudi kibandani peke yake. Alikuwa anatabasamu mpaka alipofika mlangoni.

Mama Fatumo alikuwa hajaondoka. Makaa ya dabqaad yalikuwa yamekufa. Alikaa mbele ya amplifaya, magoti yakigusa kile kitambaa kilichochanika, na kutoka humo, kwa ile sauti ya kaburini, Ramlo alikuwa bado anasema: mimi si Fosia, kaka, mimi ni Ramlo. Alikuwa ameyasikia yote. Kiganjani ameshika kile kitambulisho, ameinamisha picha chini.

"Nilimzika Bura," alisema bila kugeuka. "Kisha sikumzika. Miaka mitano nimeita Fosia, na mtu ameitika. Unaijua hiyo, Mahat? Unaita, na mtu anaitika."

Mahat alinyoosha mkono akazima mashine. Sauti ikashuka, ikazama, ikaisha. Taa za chungwa zikafifia. Mshale wa mita ukalala kwenye sifuri, na wote wawili wakautazama, na baada ya muda ukaanza kupanda wenyewe, kidogo kidogo.

"Kwa nini unapanda?" Mama Fatumo aliuliza.

"Ni kilichobaki," alisema.

Hatua zikasikika nje. Ramlo alisimama mlangoni, uso umelowa, shungi limemwangukia mabegani. Alitaka kusema jambo, alipomwona mama akasahau. Mama Fatumo alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyebisha hodi. Kisha akalijaribu lile jina, taratibu, kama chai ya moto:

"Ramlo."

"Naam, hooyo."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akakifunga kitambulisho kwenye fundo la shuka, akaomba mkono wa kumsaidia kusimama. Ramlo alimpa mmoja. Mahat akampa wa kushoto.